Chumba cha Buni

Nyumba ya Wilbroad pale Ng'ambo, mjini Tabora, ilikuwa na vyumba vitatu, na kilicho bora kuliko vyote, chenye dari nzima na sakafu ya saruji isiyo na ufa, kilikuwa chumba cha kahawa. Wilbroad na mkewe Agnetha walilala chumba cha nyuma, ambako mvua ikinyesha waliamka kusogeza kitanda. Binti yao Recheli alikulia ukumbini, kwenye godoro lililokunjwa kila asubuhi. Kahawa haikuvujiwa hata siku moja.

Nimekaa nao ua mmoja miaka kumi na sita. Tena cherehani yangu iko kwenye baraza la duka la vitambaa la mzee Kurban, karibu na soko, hatua kumi tu kutoka pale Wilbroad alipoweka jiko lake la mkaa, birika na mabenchi mawili. Kwa hiyo mengi ya haya niliyaona kwa macho. Yaliyobaki Agnetha alinisimulia mwenyewe tukichambua buni uani, na hakushusha sauti.

Wilbroad alikuwa muuza kahawa, na mji ulijua kwamba kahawa yake haina mfano. Makarani, wapiga debe, wazee wanaotoka msikitini, walimu wastaafu, wote walipita vijiwe vingine vitatu wakaja kukaa kwake. Mama yake alikuwa mtu wa Bukoba, na ndugu za mama ndio waliomletea magunia ya buni mbichi, kwa lori kupitia Nzega. Lakini hakujisifia buni. "Buni hiyohiyo wanaipata na wengine," alisema. "Kupika kila mtu anapika. Kutunza ndiyo kazi."

Na alitunza kweli. Magunia ya buni mbichi yalikaa juu ya mbao, shubiri nzima kutoka ukutani, unyevu usiyafikie. Dirisha alilipigilia ubao ili mwanga usiingie. Alikaanga kidogo kidogo, za siku nne au tano, kamwe si za mwezi. Zikishatoka jikoni alizipepea kwenye ungo zikapoa, akaziacha siku moja zitoe pumzi, ndipo akazitia kwenye makopo ya maziwa ya unga, akayajaza hadi mdomoni ili hewa isipate pa kukaa. Kutwanga ilikuwa asubuhi ileile, za siku ileile tu. Recheli alipopata kazi Nzega na kuwanunulia wazazi friji, Agnetha aliuliza kama makopo mawili yangeweza kukaa humo. Wilbroad alimtazama kama mtu aliyetukanwa.

"Friji ni nyumba ya samaki," alisema. "Kahawa ni mwizi, mama Recheli. Iweke karibu na kitu chochote, itakiibia harufu yake, na haitairudisha."

Pua yake ndiyo iliyokuwa mizani. Aliingia chumbani alfajiri, akafungua kopo, akainamisha uso, akakaa hivyo kwa muda kama anayesali. Angeweza kukuambia kopo hili lilifunguliwa jana mara mbili, au gunia lile lilipanda lori moja na vitunguu. Sijawahi kusikia amekosea.

Agnetha alitoka Ipole, kule Sikonge, binti wa mzee Nikolaus, mrina asali na mzee wa kanisa la Moraviani. Aliolewa akiwa na miaka kumi na tisa, akaingia Ukatoliki kwa ajili ya mume. Mwaka wa kwanza tu wa ndoa alijua ameolewa na nani. Mvua ilivuja mahali alipoweka sabuni za mche, akazihamishia chumba cha buni, kwenye rafu ya chini, akasahau. Wilbroad alipoingia alfajiri alitoka na kopo mkononi. Hakupiga kelele. Alimwita mkewe nje, majirani wakiwa wanachota maji, akamjazia kiganja buni zilizokaangwa.

"Tafuna."

Agnetha akatafuna.

"Unaonja nini?"

"Kahawa."

"Tafuna tena, mpaka uonje sabuni."

Alitafuna viganja vitatu, mpaka mate meusi yakamtiririka kidevuni na wanawake bombani wakageuza nyuso. Mwishowe akasema anaonja sabuni. Hakuwa anaionja. Aliniambia kwamba siku ile alijifunza kusema jibu linalotakiwa.

Hilo alilizoea, kama watu wanavyozoea. Lakini kuna jingine, na hilo nililiona mimi.

Ilikuwa mwezi wa Juni, Recheli akiwa bado shuleni. Mzee Nikolaus alikuja kutoka Ipole kutibiwa macho. Miadi yake ilikuwa Ijumaa, na alifika Jumatatu, maana gari la kutoka kwao halikuwa la kutegemea. Alishuka na ndoo ya asali kichwani na donge la nta limefungwa kwenye jani. Alivaa sweta la kijani lenye viraka kwenye viwiko vyote viwili, na alinuka moshi, kama anavyonuka kila mrina asali aliyefukiza mizinga tangu utoto. Ulikuwa moshi wa majani makavu na magome, si mbaya. Wajukuu zake kule kijijini walilala wamelishika sweta lile.

"Mwangaluka," alitusalimia kwa Kinyamwezi, na sote uani tukaitika.

Agnetha alimpigia baba yake goti, akampokea ndoo. Mzee akamnyooshea mkwewe lile donge la nta. "Nimesikia unatunza kahawa kwenye makopo. Ukiziba midomo kwa nta, mwanangu, hata pumzi haipiti. Sisi asali tunaifanyia hivyo."

Wilbroad hakulipokea. Alirudi hatua moja. "Shikamoo mzee," alisema. "Nta inanuka asali."

"Marahaba. Kidogo tu."

"Na wewe unanuka moshi."

Mzee Nikolaus alicheka, akidhani ni utani wa mkwe. Wilbroad akamweleza, kwa adabu kabisa, kwamba ukumbi umepakana na chumba cha kahawa na ukuta haufiki darini, na kwamba moshi ukipita pale juu, magunia mawili yatakuwa yameharibika. Atamtandikia mzee barazani. Kuna blanketi.

"Ni Juni, baba Recheli," Agnetha alisema.

"Najua ni mwezi gani."

Tabora Juni upepo wa alfajiri unapita hadi kwenye mifupa. Mzee Nikolaus alilala barazani siku nne, juu ya mkeka, na miguu yake mirefu ilitokeza nje ya blanketi. Asubuhi nilimkuta amekaa, mikono makwapani, akitusalimia kwa furaha kama mtu aliyelala hotelini. Mimi nilikuwa na ukumbi mtupu. Mwanangu Justus alikuwa bweni. Nilijiambia kwamba mambo ya mkwe na mkwe si ya kuingilia, nikafunga mlango wangu mapema ili nisimwone akijikunja.

Alitibiwa macho, akarudi Ipole na kikohozi. Wiki ya pili ya Julai, Agnetha akapigiwa simu kwamba mzee amefariki kwa homa ya mapafu.

Wilbroad alimpa siku tatu, kwa sababu magunia yalihitaji kugeuzwa na yeye alikuwa na wateja. Siku ya nne Agnetha alirudi. Nilimwona ameshuka, macho yamevimba, amekumbatia lile sweta la kijani. Ndicho kitu pekee alichoomba katika mali ya baba yake. Wilbroad alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji.

"Oga hapo nyuma ya mkeka kwanza," alisema. "Msibani kulikuwa na moto."

Agnetha akaoga nje, nyuma ya ule mkeka uliofungwa kama pazia, akavaa kanga safi niliyompelekea. Alipotoka, sweta lilikuwa ndani ya beseni, na Wilbroad ameinama analifua. Alilifua mara tatu, kwa sabuni ya unga, akilikamua na kulinusa, akilikamua na kulinusa, mpaka likawa halina kitu. Kisha akalianika kwenye kamba, akamwambia mkewe, "Sasa unaweza kuliingiza."

Agnetha alilichukua likiwa bado bichi, akaliweka usoni, akavuta pumzi. Akaliweka tena. Halafu akaenda kupika.

Baada ya hapo hatukusikia ugomvi kwa miaka mingi. Recheli akamaliza shule, akaenda Nzega, akaolewa. Wilbroad akaota mvi, kahawa ikaendelea kusifiwa.

Halafu ukaja mwaka wa ule ugonjwa wa kupumua, wakati kila nyumba ilikuwa ikichemsha majani na kupiga nyungu. Wilbroad alilala wiki mbili. Agnetha alimfukiza, akamlisha uji kwa kijiko, akamgeuza kitandani. Watu walisema mke kama huyu hapatikani. Akapona, akarudi kwenye mabenchi yake amekonda, na wateja wakamshangilia.

Siku moja kabla ya mchana Agnetha alirudi kutoka bombani akakuta moshi wa bluu umejaa ukumbini. Maharage yalikuwa yameungua hadi sufuria imekuwa nyekundu chini, na Wilbroad amekaa kando ya jiko, hatua mbili, anasikiliza redio kwa utulivu, amelipa jiko mgongo.

"Maharage yameungua, baba Recheli!"

Aligeuka, akaruka kama mtu aliyeona nyoka. Agnetha akaipua sufuria. Alikata kitunguu nusu, akapita nyuma ya mumewe, akakiweka karibu na sikio lake, karibu na shavu, chini ya pua kabisa. Wilbroad aliona kitunguu, akaona mkono, akaelewa kwamba ameshikwa.

"Pua imekufa," alisema. "Tangu nilipougua. Nikinywa kahawa naona maji ya moto machungu, basi. Usimwambie mtu, mama Recheli. Wakijua nimekwisha."

Alilia. Agnetha hakuwahi kumwona akilia, hata alipomzika mama yake.

"Wewe utakuwa pua yangu," alisema. "Utanusa wewe, utaniambia."

"Nitanusa," Agnetha alisema.

Na alinusa kweli, kwa mwezi mzima. Alikuwa ameishi na kahawa ile miaka zaidi ya ishirini na pua yake ilikuwa imejifunza yote bila kuambiwa. Wilbroad akawa mpole. Alimwita kwa jina lake, akamsogezea kiti. Agnetha aliniambia kwamba siku hizo alifikiri labda Mungu ameamua kumpa mume uzeeni.

Kisha siku moja, wamekaa wawili uani wanachambua, akamuuliza, "Baba Recheli, unamkumbuka baba?"

"Baba yupi?"

"Baba yangu. Mzee Nikolaus."

Uso wa Wilbroad ukachangamka. "Ah, mzee wa moshi!" Akacheka hadi ungo ukatikisika mapajani. "Kama ningemwacha alale ndani siku zile, hadi leo watu wangekuwa wanakunywa nyuki." Akamtazama mkewe, akisubiri acheke naye.

"Nikacheka," Agnetha aliniambia.

Asubuhi iliyofuata, mumewe alipotoka na birika, alichukua chupa ya mafuta ya taa, kama tuliyokuwa nayo wote kwa siku za umeme kukatika. Akaloanisha kitambaa, akakiingiza kati ya makopo, nyuma, pasipoonekana. Akalegeza vifuniko, si sana. Kisha akachukua fuko la dagaa jikoni, akalisukuma nyuma ya gunia la buni mbichi. Akafunga mlango vizuri ili harufu isitoke.

Kesho yake alfajiri Wilbroad aliingia na tochi. Makopo yalikuwa yamepangwa sawasawa. Alifungua moja, akainamisha uso kwa mazoea.

"Vipi?" akauliza.

Agnetha akasogea, akanusa. "Inanukia vizuri, baba Recheli."

Siku za mwanzo watu kijiweni walidhani ni maji, au ni mkaa. Walionja, wakatazamana. Kisha Ngollo, msukuma mkokoteni mwenye mdomo mpana kuliko mkokoteni wake, akasema kwa sauti, "Mzee, kahawa ya leo inawaka!"

"Ehee!" Wilbroad akajibu, akidhani anasifiwa. "Hiyo ndiyo kahawa."

Benchi zima likainama. Toka siku ile akawa Mzee Taa.

Wateja wa kweli wakaanza kupungua, lakini benchi halikukauka, maana wengine walikuja kwa kucheka. Walimwaga kahawa chini ya benchi akigeuka. Walileta wageni, wakawakalisha katikati, wakawanunulia kikombe, ili waone nyuso zao. Na jambo walilolipenda kuliko yote ni kumwomba awafundishe.

"Mzee Taa, hebu tuambie tena. Kahawa inatunzwaje?"

Naye, maskini, akaweka birika chini, akaanza. Isikae karibu na sabuni. Isikae karibu na samaki. Usikaange ya mwezi, usitwange ya kesho. Kahawa ni mwizi. Walitikisa vichwa, wakasema, "Rudia hapo pa mwizi, mzee." Akarudia. Nami nilicheka, nimeinamia cherehani, nimeuma upindo wa kitambaa cha mteja ili nisisikike.

Mtu mmoja tu hakucheka. Mzee Kurban alitoka dukani saa nne kila siku kama alivyofanya miaka yote, akakaa benchini mahali pake, akanywa kikombe chake polepole hadi tone la mwisho, akasema, "Ahsante, mzee Wilbroad." Mkewe Alifya aliniuliza siku moja kwa nini mume wake anarudi dukani ananuka kibatari. Nikadhani na Kurban naye pua imemwacha.

Wilbroad alipeleka habari zile nyumbani kwa fahari. "Wameniita Mzee Taa," alimwambia mkewe wakila mchana. "Wanasema nawaangazia."

"Ni jina zuri," Agnetha akasema, akamwongezea mchuzi.

Iliendelea hivyo miezi minne. Nilikuwa nimeshajua. Mtu akikaa ua mmoja na nyumba, hata mlango ufungwe vipi, mafuta ya taa yanatoka. Siku moja nilimtazama Agnetha akitoka chumbani, naye akanitazama. Nikaendelea kuanika nguo.

Kisha akafariki mwalimu Benjamini, mstaafu, mteja wa Wilbroad wa miaka thelathini. Wanawe walikuja kutoka Dar es Salaam na hawakujua lolote. Walichojua ni kwamba baba yao aliipenda kahawa ile, na wakamwomba Wilbroad awahudumie waombolezaji. Wanaume wa kijiweni walisikia. Wangeweza kuwaambia. Walinyamaza, wakawahi kupata viti vya mbele.

Wilbroad alivaa koti. Alikaanga upya asubuhi, kutoka gunia lenye dagaa nyuma yake, akatia na zile za makopo ili zitoshe. "Leo unuse vizuri, Agnetha," alisema. "Hii ni ya Benjamini."

Agnetha akainamia kinu, akafumba macho. "Safi," akasema.

Tulikuwa kama watu mia pale msibani, chini ya turubai, jua la alasiri. Wilbroad alianza kwa wafiwa. Dada wa marehemu, Apolinaria, mwanamke wa Nzega aliyekuwa amelia siku mbili, alipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa funda moja. Akalitema palepale mbele ya miguu yake.

"Nani katia mafuta ya taa kwenye kahawa ya kaka yangu?"

Wilbroad alitabasamu, kama anayedhani amesikia vibaya. Akachukua kikombe mkononi mwa yule mama, akakinusa. Akanywa. Akanywa tena, macho yanahangaika usoni kwa watu, akitafuta huko kile ambacho ulimi haukumpa.

"Mama, hii ni..."

"Baba, huna pua?" Apolinaria akamkatiza.

Ngollo ndiye aliyepasuka wa kwanza. Alijaribu kuziba kwa kiganja, kicheko kikatokea puani. Kisha benchi lake, kisha benchi la nyuma, wanaume wazima wameshika mbavu mbele ya jeneza, na mtu akasema, "Mzee Taa!", na hapo hata waliokuwa hawajui wakacheka, kwa sababu kicheko msibani ni kama moto wa nyasi. Wilbroad alisimama katikati na birika. Nililiona jina lile likimwingia. Alielewa maana yake palepale, siku zote, vikombe vyote, kwa mara moja.

Alirudi nyumbani kwa miguu. Nilimfuata kwa mbali. Agnetha alikuwa uani na ungo wake. Wilbroad alipita moja kwa moja hadi chumba cha buni, na nikasikia makopo yakianguka. Alitoka na kitambaa mkononi. Alikisugua puani, akakisugua tena, hadi pua ikawa nyekundu.

"Niambie hiki kinanuka nini."

"Mafuta ya taa," Agnetha akasema.

"Nani kakiweka?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Agnetha akaendelea kuchambua. "Baba yangu alinuka moshi tu," alisema. "Moshi."

Alimpiga kwa mgongo wa mkono. Nilisikia jino likivunjika. Agnetha aliinama, akatema damu kando ya ungo, kwa uangalifu, isiguse buni. Alipoinua uso alikuwa ametulia kuliko nilivyowahi kumwona.

"Piga tena," alisema. "Halafu kesho umuulize mwingine kama kahawa imeharibika."

Mkono wa Wilbroad ulibaki juu. Uliendelea kubaki juu, hata akawa kama mtu anayeomba ruhusa ya kusema darasani. Kisha akaushusha, akaketi kwenye kizingiti.

Hakurudi kijiweni. Wiki tatu alikaa ndani. Recheli alikuja kutoka Nzega kumchukua, akamwambia mama yake maneno makali ambayo sitayaandika, na Agnetha akayasikiliza yote hadi mwisho. Lakini Wilbroad alikataa kuondoka. "Nzega nitafanya nini?" alisema. "Kahawa iko hapa." Binti akaondoka peke yake, na hadi leo anapiga simu kwa baba tu.

Agnetha alimwaga kila kitu kilichoharibika shimoni. Alisugua chumba kwa majivu, akakianika siku nane milango wazi, akaagiza gunia jipya, akalikalisha juu ya mbao, shubiri moja kutoka ukutani. Kisha akajifunga kanga, akachukua birika, akaenda kukaa mahali pa mumewe.

Kahawa ilikuwa nzuri. Nasema kweli, ilikuwa nzuri kuliko ya Wilbroad. Katika wiki mbili mabenchi yalijaa.

"Mama, Mzee Taa yuko wapi?" Ngollo akamuuliza.

"Yuko nyumbani," Agnetha akajibu, akimimina. "Anaangaza."

Watu walicheka hadi vikombe vikagongana, na Agnetha akacheka nao, pengo lile linaonekana. Nami nilicheka. Mzee Kurban ndiyo kwanza alikuwa amefika, amekaa mahali pake. Aliweka kikombe chini kikiwa kimejaa.

"Kahawa ni nzuri, mama Recheli," alisema. "Lakini mimi kesho sitakuja."

"Kwa nini, mzee Kurban? Ile mbaya ulikuwa unakunywa kila siku."

"Nilikuwa nainywa," alisema, "kwa sababu mzee alikuwa ananitazama."

Akainuka, akarudi dukani. Tangu hapo Alifya humletea chai kwenye chupa. Agnetha alikimwaga kikombe kile, akakisuuza, akampa mtu mwingine.

Hivi ndivyo wanavyoishi sasa. Ufunguo wa chumba cha buni Agnetha amejifunga kiunoni. Wilbroad, kwa kuwa macho bado anayo, ndiye anayechambua. Hukaa mlangoni tangu asubuhi, anatoa zilizovunjika, nyeusi, zilizotobolewa na wadudu. Mkewe akirudi mchana hupitisha mkono kwenye ungo. Mara nyingine anaitikia. Mara nyingi anausukuma ungo kwake tena, hata kama hakuna kosa ninaloliona mimi. "Rudia," husema. Naye hurudia.

Agnetha hamwambii kitu kuhusu harufu. Kila siku Wilbroad anamuuliza, "Inanukiaje?" na kila siku Agnetha anapita kama hakuna aliyesema.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kuwapelekea mashuka niliyowashonea. Agnetha alikuwa amekaanga, na buni zilikuwa kwenye ungo zinapoa, ua mzima umejaa harufu yake. Alikuwa jikoni, mlango wazi, anatutazama. Wilbroad alinivuta upindo wa gauni.

"Mama Justus," alisema kwa sauti ya chini. "Niambie wewe. Inanukiaje?"

Nilimtazama Agnetha. Hakutikisa hata kichwa.

"Sijui, mzee," nikasema. "Nina mafua."

Akaniachia gauni, akaushika ungo, akaendelea kuchambua.